Sikio la Mwalimu

Wimbo ukipitia WhatsApp mara nyingi hufika bila jina lake. Simu inayoupokea huuhifadhi kwa maandishi ya namna hii: AUD-20180812-WA0007. Wengi wetu hubonyeza, tukasikiliza, tukasonga mbele. Pale Bumula, katika Kaunti ya Bungoma, yuko mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye soko zima humwita Mwalimu tu, na yeye akiona tarakimu hizo huvuta kiti. Nane za mwanzo anazisoma kama kalenda: faili lilipita kwenye simu ya mtu tarehe 12 Agosti 2018. Hiyo si lazima iwe siku ya kurekodiwa. Lakini 2018 ni mwaka wa shufwa, na Agosti ya mwaka wa shufwa kwa Wabukusu ndiyo msimu wa tohara. Kwa hiyo kabla hajabonyeza chochote ameshajua la kutegea sikio. Je, zinasikika chinyimba, zile kengele za chuma ambazo kijana anayejiandaa kwa kisu huzigonga akicheza khuminya? Umati unatembea au umesimama? Jogoo wanawika nyuma ya sauti? Wakiwika, huenda ni alfajiri, kijana anarudishwa kutoka mtoni akiwa amepakwa matope. Kama ni ng'ombe wanaorudi zizini, basi ni jioni ya kuamkia siku yenyewe. Faili la dakika tatu lililokuja bila jina limeanza kupata mahali pake.

Nimemtazama akifanya kazi hii mara nyingi, na naandika kwa sababu naiona ni ufundi kamili, wenye zana zake, miiko yake na viwango vyake, ingawa hakuna chuo kinachoufundisha. Yeye mwenyewe huuita kupanga nyimbo. Anaufanyia katika chumba kilichokuwa cha kulala watoto wake: kompyuta ya mezani, diski mbili za nje, redio-kaseti mbili, paneli ya sola ya kuokoa kazi stima ikipotea, na rafu ya maboksi ya viatu yaliyojaa kaseti.

Ndani ya kompyuta kuna nyimbo ambazo mtu yeyote wa Magharibi mwa Kenya angetarajia kuzikuta. Kuna omutibo wa George Mukabi, aliyefariki 1963 akatuachia gitaa linalopigwa kwa vidole huku mwenzake akigonga chupa ya soda. Kuna Daudi Kabaka, ambaye Helule Helule yake ilivuka bahari hadi kundi la The Tremeloes la Uingereza likaiimba upya 1968. Kuna Mukangala ya Jacob Luseno, benga ya Shirati, Franco na TPOK Jazz, Les Wanyika. Hizo anazipenda na anazitunza vizuri. Lakini hizo zina watunzaji wengine. Roho ya mkusanyo iko kwenye nyimbo ambazo hazikuwahi kuingia studio: litungu la nyuzi saba lililopigwa uani kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye pombe ya mavuno, likanaswa na redio ndogo iliyowekwa juu ya stuli.

Kaseti hizo zimetoka kila upande: Khasoko, Kimaeti, Siboti, Kabula. Nyingine zimetoka Kitale, kwa jamaa waliohamia mashamba ya Trans Nzoia baada ya uhuru wakaenda na nyimbo za kwao. Kampuni ya Philips iliileta kaseti duniani 1963, na ilipofika vijijini ilibadilisha jambo moja kubwa. Mtu mwenye redio ya betri na kaseti tupu aliweza kumrekodi mpiga litungu pale pale alipoketi, bila nauli ya Nairobi na bila kumsubiri mzungu mwenye mashine. Aliyerekodi mara nyingi hakuwa fundi. Alikuwa shemeji, karani wa kiwanda cha sukari, mwanafunzi aliyekuja likizo. Kwa hiyo kinachomfikia Mwalimu ni sauti nzuri iliyonaswa na mikono isiyojua, ikatunzwa juu ya kabati kwa miaka 30 au 40.

Kaseti ikifika haichezwi siku hiyo. Kwanza anaitoa kwenye kasha na kuinusa. Harufu ya uvundo ina maana unyevu umeingia, na akiishika kwenye mwanga ataona vumbi jeupe la kuvu kwenye kingo za utepe. Hiyo haigusi mashine yake nzuri. Ina mashine yake ya pili, iliyochoka, isiyoogopa uchafu. Kisha anatazama kile kipande kidogo cha sufu kilicho nyuma ya utepe, kinachousukuma ukae sawasawa kwenye kichwa cha kusomea. Gundi yake hukauka, kikadondoka, na kaseti nzima ikasikika kama imefunikwa. Wengi huitupa hapo. Yeye ana kopo la vipande hivyo, alivyong'oa kwenye kaseti zilizokufa kabisa, na hukibandika kipya kwa kibano cha nyusi. Ganda likiwa limefungwa kwa skrubu, analifungua. Likiwa limegundishwa, analipasua taratibu kwa wembe kwenye kiungo na kuuhamishia utepe kwenye ganda jingine, huku mikono yake imekaushwa kwa unga wa poda ili jasho lisiguse.

Halafu linakuja jambo ambalo mimi nilihitaji kulisikia mwenyewe ndipo nikaamini. Pembeni mwa kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo. Mashine iliyorekodi ilikuwa na mwelekeo wake, na mashine ya Mwalimu ina wake. Mielekeo hiyo ikipishana hata kwa kiasi kidogo sana, sauti za juu huzama na litungu hugeuka kuwa ngurumo isiyo na ncha. Anachukua bisibisi nyembamba, anafumba macho, anaizungusha skrubu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Litungu linazidi kuzama. Anarudi nyuma, anapita pale alipoanza, anaendelea kidogo, na ghafla kidole cha mpigaji kinasikika kikiachia uzi, kila uzi peke yake, na mwimbaji anapata meno na midomo. Kijana aliyekuwa ameketi nami siku hiyo alisema, "Kumbe alikuwa anaimba maneno!" Mwalimu hakucheka. Alitikisa kichwa kukubali, akaandika kwenye daftari: upande wa A umerekebishwa. Upande wa B atauanza upya, kwa sababu huenda ulirekodiwa na mashine nyingine.

Kutoka hapo hakuna njia ya mkato. Upande wa dakika 45 huchukua dakika 45, naye anausikiliza wote. Hiki ndicho ninachokihusudu kuliko vyote. Angeweza kubonyeza, akaenda kulisha kuku, akarudi. Lakini anaketi na daftari, anaandika dakika na sekunde: hapa mpigaji anataja jina la mwenye boma, hapa mtoto analia, hapa mtu anasema "leta maji", hapa wimbo unakatika kwa sababu utepe uliisha. Sauti ghafi inaingia kwenye kompyuta ikila takriban megabaiti 10 kwa dakika, kiasi kwamba kaseti moja ya dakika 90 inakaribia megabaiti 900. Kwenye kaseti zilizokaa muda mrefu bila kuchezwa husikika pia kivuli: muda mfupi kabla wimbo haujaanza, wimbo huo huo unasikika kwa mbali, dhaifu sana, kwa sababu utepe umekaa umejikunja na sumaku ya mkunjo mmoja imepenyeza kwenye wa jirani. Programu za kompyuta zinaweza kufuta kivuli hicho. Mwalimu hukiacha. Anasema ni alama ya njia uliyopitia wimbo, na mimi naungana naye, ingawa najua mafundi wengine wangebisha.

Asichokiacha ni mwendo. Betri za redio zilipokuwa zikielekea kuisha, injini ilizunguka polepole, utepe ukapita polepole. Ukichezwa leo kwa mwendo sahihi, kila kitu kinakwenda haraka na sauti inapanda juu. Mzee wa miaka 60 anasikika kama mvulana. Kwa gitaa au kinanda ungeweza kulinganisha na noti inayojulikana, lakini litungu halina kiwango kimoja cha kimataifa. Kila mpigaji hulikaza kufuata koo lake. Basi Mwalimu hutafuta mazungumzo. Huwasikiliza watu wanaoongea kati ya nyimbo, akatafuta kaseti nyingine yenye sauti ya mtu huyo huyo, akazishusha na kuzipandisha mpaka mtu huyo awe mmoja. Kaseti iliyorekodiwa kwa redio ya stima ina msaada mwingine: mvumo wa umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo mara nyingi umejificha chini ya wimbo. Ukiupima ukakuta 53, unajua utepe unakwenda kasi kuliko ulivyorekodiwa. Alijifundisha hili mwenyewe, kwa kusoma na kwa kujaribu, akiwa ameshastaafu.

Watu wakisikia neno "kidijitali" hudhani kazi inaishia hapo: wimbo umeingia kwenye kompyuta, umeokoka. Kwa Mwalimu ndipo inapoanza nusu ya pili, na nusu hii ina maamuzi magumu zaidi.

Uamuzi wa kwanza ni ukubwa wa faili. Mp3, iliyokuzwa kwa sehemu kubwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na kupewa jina la .mp3 mwaka 1995, hupunguza faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio linakisiwa kutozihitaji. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne unakuwa kama megabaiti nne. Kwa sauti ya mtu na gitaa la besi, hasara yake si kubwa. Lakini chinyimba ni chuma kwa chuma, mlio uliojaa masafa ya juu na mianzo mikali, na hapo ndipo hesabu ya mp3 hushindwa. Alinichezea rekodi moja ya khuminya kwa viwango vitatu. Kwenye sauti ghafi kila kengele iligonga na kunyamaza. Kwenye kilobiti 128 zilianza kushikana. Kwenye 64, zile ambazo watu hutumiana kwenye simu, zilikuwa zimegeuka maji yanayomwagika kwenye karai. Kwa hiyo nakala ya kutunza anaiweka kwa FLAC, mfumo uliotoka 2001, unaopunguza faili hadi karibu nusu bila kutupa chochote, na mp3 ni ya kugawa tu. Na hafanyi kosa la wauzaji wengi wa sokoni la kuchukua mp3 ya 128 na kuigeuza ya 320 ili ionekane kubwa. Kilichotupwa hakirudi; faili linanenepa tu.

Uamuzi wa pili ni jina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo ufundi wote ulipo.

Wimbo wa studio huja na jina lake limechapwa. Wimbo wa litungu wa dakika 20 uliopigwa kwenye matanga hauna jina; mpigaji alianza kwa kumlilia marehemu, akapita kwa ukoo wake, akasifu waliochangia, akarudi kwa marehemu. Utauitaje? Mfumo wa kuandika maelezo ndani ya mp3, ulioanza 1996, uliwekewa baiti 128 tu mwishoni mwa faili: nafasi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka. Ukiandika "Litungu la matanga ya Mzee" umeshamaliza 26, na marehemu hajatajwa bado. Kwenye orodha ya aina za muziki iliyokuja nao kuna polka, lakini benga hamna, omutibo hamna. Waliobuni mfumo ule walikuwa wakiutengenezea muziki waliokuwa nao. Toleo la pili liliondoa mipaka hiyo, ila spika nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani mwetu bado husoma jina la faili tu.

Basi Mwalimu huandika kila kitu kwenye jina la faili, kwa mpangilio asiouvunja: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha chombo, mahali, tukio, jina la mpigaji. Mwaka unatangulia ili kompyuta yenyewe izipange nyimbo kwa umri. Mwaka usipojulikana vizuri, anaandika 198x, maana yake miaka ya 1980 bila uhakika zaidi. Hata muongo usipojulikana, anaacha alama ya kuuliza. Kubahatisha ni mwiko kwake. Nilimwona siku moja akikaa na faili ambalo mtu alikuwa ameapa ni la 1984. Mwalimu akasikiliza, akasikia nyuma ya wimbo tangazo la redio likitaja bei kwa namna iliyomtia shaka, akaandika 198x na kuweka dai la 1984 kwenye daftari pamoja na jina la aliyelitoa. Kosa lililoandikwa kwa uhakika, alisema, hakuna wa kulirudia kulikagua tena.

Majina ya watu nayo yana kazi yake. Bungoma imejaa akina Wafula, Wekesa, Simiyu na Barasa, na wapiga litungu wengi wamo humo. Kuandika "Wafula" kwenye nafasi ya msanii ni sawa na kutoandika. Mwalimu huongeza jina la baba na la kijiji, na kwa kupata hayo hupanda boda hadi kwa mtu anayeweza kujua: mjane, mpwa, mzee aliyekuwa akicheza ngoma ya kamabeka harusini. Hawapelekei faili peke yake. Hupeleka spika ndogo, akawachezea, akasubiri. Nimeona bibi mmoja akisikiliza sekunde chache tu kisha akataja jina la mpigaji, la mkewe, na la mlima aliokuwa akichungia. Mwalimu aliandika yote matatu.

Umuhimu wa kuandika hivi umethibitika kwetu Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi Wakipsigis wakiimba, na kati ya nyimbo hizo kuna ile ya Chemirocha, ambayo baadaye ilisikilizwa kwingi duniani. Rekodi zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha 1954. Mwaka 2014 maktaba hiyo pamoja na watu wa Ketebul Music wa Nairobi walizirudisha Kapkatet, wakamkuta mzee aliyekuwa mmoja wa waliorekodiwa akiwa hai. Waliweza kufika kwake baada ya zaidi ya miaka 60 kwa sababu Tracey alikuwa mtu wa kadi: jina, mahali, chombo, lugha, mwaka. Ungekuwa ni wimbo mtupu usio na maelezo, hata ukiwa na sauti safi kiasi gani, ungebaki kusifiwa na wageni huko mbali na wenyewe wasijue.

Si kila kitu chumbani kwa Mwalimu ni kizito namna hii. Vijana wa boda boda huja na flashi zao. "Mwalimu, niwekee za usiku." Naye humuuliza, "Za usiku zipi, kijana wangu? Za kukuamsha au za kukutuliza?" Akishajua, anapanga kuanzia mwendo hadi mwendo, asimrushe mtu kutoka rumba ya dakika kumi hadi kwenye ngoma ya kasi bila daraja. Hapa kuna siri ndogo ya kiufundi ambayo wauzaji wengi hawaijui: spika na redio nyingi za bei ya chini hazifuati alfabeti, zinafuata mfuatano ambao nyimbo ziliandikwa kwenye flashi. Ukinakili zote kwa mkupuo, kompyuta huzichanganya inavyotaka. Mwalimu huzinakili moja baada ya nyingine, kwa utaratibu anaoutaka zisikike, na haichomoi flashi mpaka mashine imalize kuandika. Flashi mpya huijaza kwanza hadi ukingoni na kuisoma tena yote, kwa sababu zipo nyingi zilizochapwa gigabaiti 32 nje na ndani hazifiki nne. Zinapokea nyimbo bila kulalamika, kisha hazina kitu. Wimbo wa msanii kijana aliye hai wa Bungoma hamwekei mtu bure; humwelekeza kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, au humwambia achukue Skiza yake, ule wimbo anaousikia anayekupigia simu. Nimewahi kuona kijana akinuna kwa hilo. Alinuna, akaenda, akarudi wiki nyingine.

Sasa kuhusu kuachilia. Mtu akisikia mkusanyo hudhani mkusanyaji ni mtu asiyefuta. Mwalimu anafuta sana, na nadhani kufuta kwake ndiko kunakoonyesha sikio lake kuliko hata ile skrubu. Wimbo mmoja wa Kabaka unaweza kumfikia mara nne: mmoja umekatwa sekunde za mwisho, mmoja una sauti ya didjei akijitangaza juu ya gitaa, mmoja ni mkubwa kwa megabaiti lakini umetokana na mdogo, mmoja ni safi ila unakwenda kasi. Kompyuta ingechagua mkubwa. Yeye anasikiliza yote minne mpaka mwisho, anabaki na mmoja, na wakati mwingine anabaki na ule wenye mikwaruzo kwa sababu ndio pekee ambao gitaa linamalizia lenyewe badala ya kufifishwa. Zile nyimbo ambazo dunia nzima inazo, amezifuta nyingi. Reggae ya Jamaika, pop ya Marekani, nyimbo za Krismasi: hizo amewaachia wenye maghala. Spotify ilifunguliwa Kenya Februari 2021, Boomplay na YouTube zilikuwapo tayari, na mjukuu wake akitaka wimbo wa Bob Marley anaupata kabla Mwalimu hajavaa miwani. Hana uchungu na hilo. Nafasi kwenye diski ni ya kile ambacho kikipotea Bumula kimepotea kote.

Mimi hapa nina wasiwasi kuliko yeye. Naona watu wa rika langu wakifuta mikusanyo yao yote kwa sababu "kila kitu kiko mtandaoni". Kila kitu hakiko. Na hata kilichoko, ukiacha kulipa, nyimbo ulizopakua ndani ya programu hizo hazifunguki tena, na mwenye haki akiutoa wimbo unaondoka simuni mwako bila kuulizwa. Afadhali mtu afute kwa sikio, wimbo kwa wimbo, akijua anachokiacha na kinakobaki, kuliko kuacha kwa uvivu akidhani mtu fulani mahali fulani ameshatunza.

Kuna kufuta kwa aina nyingine ambako kulinishughulisha zaidi. Mama mmoja mjane alikuja akiwa amesikia kwamba kaseti ya matanga ya familia yao iko kwa Mwalimu. Ililetwa na shemeji. Katikati ya litungu, marehemu anasikika kwenye kipande kilichorekodiwa kabla, akizungumza na watoto wake. Mama hakugomba. Alisema, "Mwalimu, sauti yake imo humo. Sitaki siku moja niisikie sokoni." Mwalimu alimpa kaseti, akafuta faili kwenye kompyuta na kwenye diski zote mbili mbele yake, akamwonyesha folda likiwa tupu. Kwenye daftari aliacha mstari mmoja: imerudishwa kwa wenyewe, na tarehe. Litungu lile lilikuwa miongoni mwa bora alizowahi kusafisha; nililisikia kabla, na bado nalitamani. Lakini sina la kumlaumu. Mtunzaji asiyeweza kurudisha kitu kwa mwenyewe amekuwa mmiliki, na Mwalimu hajawahi kujiita hivyo.

Nyimbo za tohara nazo zina miiko. Sioyaye, ule wa kumsindikiza kijana kutoka mtoni, anao wa miaka kadhaa, umepangwa kwa mwaka na kwa kijiji badala ya kwa mwimbaji, kwa sababu wimbo ule ni wa umati na wa asubuhi ile. Hauweki kwenye flashi ya mtu. Ukitaka kuusikia ili kuulinganisha na wa pale kwenu, utaketi chumbani kwake, mlango umefungwa.

Kwa sasa anayejifunza ni mjukuu wake wa kike aliyemaliza kidato cha nne, anayemwita Kuka kama wajukuu wote wa Kibukusu wanavyowaita babu zao. Yeye ndiye aliyeleta nidhamu ya nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya hapo nyumbani, moja kwenye diski inayokaa kwa shangazi mjini Bungoma, ikibadilishwa kila shangazi anapokuja. Ndiye pia anayetaka rekodi ziwekwe mtandaoni ili Wabukusu walioko Kitale, Nairobi na ng'ambo wazisikie. Walibishana. Babu alisema wenyewe waulizwe kwanza. Mjukuu akasema wenyewe wengi wameshazikwa. "Basi waulizwe watoto wao, omwana wase," babu akajibu, na hoja ikaishia kwenye safu tatu mpya za daftari: wamekubali, wamekataa, hatujawafikia. Safu ya tatu ndiyo ndefu zaidi, na Jumamosi binti huyo huenda na spika ile ndogo kuipunguza.

Kuhusu skrubu, ameshaijua. Babu yake sasa humwachia bisibisi na kukaa nyuma, na akikosea humwambia tu "rudi kidogo". Boksi jipya limefika kutoka Kitale, kaseti hazina maandishi, nyingine zimelowa. Wamekubaliana kuanza na zile zenye uvundo, maana hizo haziwezi kungoja mwezi mwingine, na kuziacha kavu kwenye rafu mpaka mvua zipite.